Koti la Kompyuta ya Boti

Kompyuta iliingia kwenye boti yetu siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, imekumbatiwa kifuani kama mtoto mchanga na Fundi Waya, na Fundi Waya mwenyewe alikuwa anatafuta ndoo ya kutapikia.

Usicheke bado. Fundi Waya ni mtu mzima, ana kipara na miwani aliyoifunga kwa mpira nyuma ya kichwa. Kompyuta anazijua mpaka mifupa yake. Lakini yeye na maji hawaivi chungu kimoja. Boti ilikuwa gatini, imefungwa kamba nne, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Kaweka mguu mmoja tu ndani, akanishika bega.

“Bibi, inaondoka!”

“Haiondoki, mwanangu. Tumefunga.”

“Mbona yale majumba yanatembea?”

“Unayumba wewe. Nipe huyo mtoto kabla hujamwangusha.”

Nikampokea, nikamweka juu ya meza yangu, pembeni ya cherehani, nikamtazama vizuri. Mimi kila kitu kipya lazima nikitungie kitendawili, ndiyo namna yangu ya kukizoea. Nikapaza sauti, “Kitendawili!”

“Tega!” akajibu mdogo wangu kutoka chini kwenye injini. Yeye ndiye fundi mitambo wetu, na jina lake la kazini ni Spana, maana hata kanisani nimewahi kumkuta nayo mfukoni.

“Mgeni wangu ana dirisha moja, mlango hana. Kila ukimwamsha anakuuliza wewe ni nani, na nyumba ni yako.”

“Mama mkwe!”

“Hapana.”

“Dada, huyo ni mama mkwe kabisa. Haya, nimeshindwa, chukua mji.”

“Nimeuchukua, una soko kubwa na duka la vitambaa, nimeingia, nimekula, nimelala. Jibu ni kompyuta. Panda juu uje umwone.”

Boti yetu inavusha watu, ng'ambo hii na ng'ambo ile, mara nne kwa siku. Abiria arobaini, mizigo yao, na mbuzi wakiwepo. Mimi nakata tiketi mlangoni, na tukishaondoka nakaa kwenye kona yangu ndani ya chumba cha usukani nashona: jaketi za kuokolea zilizochanika, viti, mapazia, chochote kinachohitaji sindano. Na anayeshika usukani ni binti yangu.

Hapo ndipo palipokuwa na moto. Binti yangu alikuwa baharia miaka kumi na mmoja. Amefunga kamba, amesugua sakafu, amepiga mbizi kutoa nyavu kwenye pangaboi. Mwishowe akapewa leseni ya unahodha, lakini ya majaribio, miezi sita tu. Sasa barua ilikuwa imefika kutoka ofisi ya vyombo vya majini: Jumamosi Mkaguzi atakuja kumpima. Akifaulu, leseni kamili. Akishindwa, arudi kwenye kamba miaka miwili, na mwenye boti tayari alikuwa na mtu mwingine wa kumweka pale. Tena barua ilitaka chombo kiwe na kompyuta yenye ramani na orodha ya abiria, “iliyofungwa imara na kukingwa dhidi ya maji, joto, mtikisiko na mikono isiyohusika.” Binti yangu aliusoma mstari huo mara nyingi hata nikaujua kwa moyo.

“Siku tatu, Mama,” akaniambia.

“Siku tatu ni nyingi. Wewe nilikuzaa kwa saa mbili.”

Basi tukaanza, na la kwanza likawa ugomvi wa mahali pa kuiweka.

“Tuishushe kwangu,” akasema Spana. “Chini kukavu. Tone la maji haliingii.”

“Chini kuna joto na masizi,” akasema Fundi Waya, kajilaza kwenye benchi, ndoo kifuani. “Kompyuta inapumua. Itavuta masizi kama mvuta sigara, wiki moja imekwisha.”

“Mimi sijafa, na niko kule miaka ishirini.”

“Wewe umewahi kujisikia unavyokohoa?”

Binti yangu akakata shauri. “Inakaa hapa, mkono wa kulia wa usukani. Nataka kuiona bila kugeuza shingo.” Akaonyesha rafu, shubiri mbili kutoka kwenye dira, ambayo huelea ndani ya bakuli lake la kioo mbele ya usukani. Maneno yakaisha. Kwenye boti, nahodha akishasema, wengine tunatafuta misumari.

Mtikisiko tuliumaliza siku hiyo hiyo. Spana alileta mpira wa ndani wa gurudumu la lori, tukaukata mikanda mipana, rafu tukaining'iniza juu ya mikanda hiyo badala ya kuipigilia ukutani. Kisha tukaweka bilauri ya maji juu ya rafu na kuwasha injini. Boti nzima inatetemeka, meno yanagongana, na maji kwenye bilauri yametulia yanatutazama. Spana akapiga makofi. Fundi Waya naye akapiga makofi akiwa amelala, ndoo ikamponyoka.

Umeme ulitusumbua zaidi. Kila Spana akiwasha injini, kompyuta inazirai. Kioo cheusi, kimya. Tukaiamsha, akawasha, ikazirai tena.

“Injini yako inaiua,” akasema Fundi Waya.

“Injini yangu haijawahi kuua mtu!”

“Wakati wa kuwaka inakunywa umeme wote wa betri kwa funda moja. Mwenzake anabaki na kiu.”

“Kwa hiyo sasa injini yangu ni mlevi?”

“Jamani,” nikasema, “watoto wawili wakigombania kikombe kimoja, si mnanunua cha pili?” Fundi Waya akasema hiyo ndiyo dawa hasa, kompyuta ipate betri yake peke yake, na Spana akasema alikuwa anataka kusema hivyo hivyo. Alhamisi asubuhi betri ikafungwa chini ya benchi, injini ikanguruma, na kompyuta haikupepesa hata jicho.

Mikono isiyohusika ilijileta yenyewe. Safari ya kwanza tu ya Alhamisi, abiria sita walipenyeza vichwa kutaka kuchaji simu. Mama mmoja mwenye vikapu akauliza kama inaonyesha tamthilia, na kama inaonyesha, atakaa wapi. Kijana mmoja alikwisha chomeka kidude chake chenye nyimbo kabla sijamkamata mkono. Fundi Waya akakaribia kulia. “Hivyo ndivyo virusi vinavyoingia!” Akaziba matundu yote kwa vifuniko, akamwambia binti yangu achague neno la siri. Akalichagua, akaliandika huku kaziba kwa kiganja. Nikamuuliza ni lipi.

“Mama, ni siri.”

“Mimi ndiye niliyekuzaa.”

“Na ndiyo maana nakujua.”

Yakabaki maji, na maji niliyadai mimi. Nani mwingine? Chumba cha usukani kikifunguliwa mlango kwenye upepo, matone ya chumvi yanaingia mpaka kwenye chai. Nikasema kompyuta itavaa koti.

Nililishona Ijumaa nzima, kila safari, abiria wananichungulia. Nje turubai la kijani, ndani blanketi jepesi, nyuma nikaacha dirisha la wavu mnene ili mgeni apumue, na pembeni mifuko miwili ya vipande vya mkaa vya kunyonya unyevu. Tatizo likawa kulifunga. Zipu, chumvi inaila mwezi mmoja. Vifungo, nahodha hawezi kufungua vifungo kumi na viwili kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani. Nikamlilia mdogo wangu.

Spana akashuka chini, akapekua sanduku lake la vyuma chakavu, akarudi na spika mbili kubwa za zamani, zile zilizokuwa zinatangazia abiria kabla hazijaota kutu. Akazivunja kwa nyundo, akatoa sumaku, akazivunja nazo vipande vipande.

“Shona hivi kwenye pindo, Dada. Vitakamatana vyenyewe.”

Nikashona kumi na vinne. Ijumaa jioni, baada ya safari ya mwisho, tukaivisha kompyuta. Nikaliachia koti: pap! Likajifunga kama mdomo wa mtu aliyekumbuka siri. Nikavuta kwa kidole kimoja, likafunguka. Nikaachia: pap! Tulifanya hivyo labda mara thelathini, mimi na mdogo wangu, watu wazima na mvi zetu, tunacheka mpaka tunashikana mabega. Fundi Waya hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda kwake kulala juu ya ardhi.

Jumamosi Mkaguzi alifika saa nne kasoro robo. Mtu mwembamba, mfuko mkubwa, kalamu imening'inia shingoni kwa uzi. Nikampa kiti, akasema anasimama. Nikampa chai, akasema ameshakunywa. Nikasema basi kitendawili.

“Bibi, niko kazini.”

“Hata mimi niko kazini. Kitendawili!”

Adabu ikamlazimisha. “Tega.”

“Watoto wangu wamelala chumba kimoja, wote wana kofia. Atakayetoka nje, kofia inaungua.”

Akafungua mfuko wake, akatoa karatasi. “Tuanze ukaguzi,” akasema. Lakini nilimwona kwenye paji la uso. Kilikuwa kimeshamwingia.

Akaweka bilauri ya maji juu ya rafu, injini ikawashwa, maji yakatulia. Akaandika. Akaangalia betri, akaandika. Akagusa vifuniko vya matundu, akaandika. Kisha akavuta koti, akaliachia. Pap! Akalivuta tena. Pap! Mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote ya kazi.

“Nani ameshona?”

“Mimi, baba.”

“Kazi nzuri sana.”

Nikavimba. Kama si paa la chumba kile ningepaa.

“Sasa nahodha,” akasema, na sauti ikarudi kazini. “Sehemu ya kwanza ni kuendesha kwa dira tupu. Kompyuta inafunikwa, madirisha yanafunikwa. Kutoka boya jekundu mpaka boya la njano, dakika kumi na tano. Mbele atakaa mtu mmoja na filimbi. Akiona tunakwenda kugonga au kukwama, apulize. Filimbi ikilia, mtihani umekufa. Na humu ndani, atakayemsaidia nahodha bila kuulizwa, mtihani umekufa vilevile. Sehemu ya pili itakuwa ya kompyuta. Kuna swali?”

“Hakuna,” akasema binti yangu.

Hatukuchukua abiria. Spana alikwenda mbele kabisa na filimbi mdomoni. Fundi Waya alitakiwa awepo kwa ajili ya kompyuta yake, kwa hiyo alikuwepo, yaani mwili wake ulikuwepo, umelala kwenye benchi na ndoo. Mimi kwenye kona yangu. Mkaguzi nyuma ya nahodha, saa mkononi.

Tukatoka gatini kwa macho kama kawaida. Kwenye boya jekundu Mkaguzi akashusha mapazia. Mapazia yenyewe niliyashona mimi, mazito, hayapitishi kitu. Nikabaki naona mgongo wa mwanangu na bakuli la dira mbele yake.

“Digrii sabini,” akasema, akazungusha usukani.

Boti ikageuka. Ikageuka tena. Ikaendelea kugeuka kidogo. Bega lake la kushoto likapanda juu, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa. Lakini dira ilisema sabini, na mtihani ni mtihani. Akanyoosha.

Sasa sikia. Kwenye paa la chumba kile kuna kioo cha duara, ukubwa wa sahani, cha kuingizia mwanga. Hakikufunikwa, maana mtu haendeshi boti kwa kutazama juu. Mimi kila siku, safari hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, tukishapita boya jekundu kipande cha jua kinanidondokea kwenye droo ya cherehani. Ndipo ninapotungia uzi kwenye tundu la sindano. Siku ile nilitoa uzi, nikainama, giza. Nikatafuta jua langu. Lilikuwa juu ya kipara cha Fundi Waya, kinawaka kama taa ya mbele ya gari.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu. Tunakwenda siko! Nikafungua mdomo, nikakumbuka: bila kuulizwa, mtihani umekufa. Nikauma uzi. Nikautafuna kweli kweli. Dakika ya tatu. Dakika ya nne. Binti yangu anasogeza uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Mkaguzi ametulia tuli, macho yamezama, nami nikajua anahisi kitu, anawaza, sasa atasema.

“Kiberiti!” akasema.

Tukashtuka wote. Fundi Waya akaamka akidhani tunaungua.

“Samahani,” Mkaguzi akasema, masikio yamemwiva. “Njiti za kiberiti. Endelea, nahodha.”

“Ndizo,” nikasema kwa sauti nyembamba, nikarudisha uzi mdomoni.

Dakika ya sita binti yangu akainamisha kichwa, anasikiliza. “Mawimbi yanatupiga ubavu wa kulia,” akasema, si kwa mtu. “Saa hizi huwa yanatusukuma kutoka nyuma.” Na mkono wake ukashuka, ukavuta wenzo wa injini mpaka chini.

Nje maji yanalamba ubao.

“Nahodha, mbona umesimama?” akauliza Mkaguzi. “Sijakuambia usimame.”

“Dira inasema sabini, bwana. Boti inasema siyo.”

“Mtihani ni wa dira.”

“Najua. Na dira imelewa.”

Mkaguzi akanyanyua kalamu. Mimi nilishaacha kutafuna, nilikuwa nameza.

Binti yangu hakugeuka. Alishika usukani kwa mikono miwili akasema polepole, “Jana tumevuka mara nne, dira ilikuwa na akili zake. Kuna kitu kimeingia humu tangu jana jioni. Ni kitu gani?”

“Unamuuliza nani?” akasema Mkaguzi.

“Kila aliyemo kwenye boti yangu.”

Nikaangalia chumba kile. Ndoo, ilikuwepo jana. Fundi Waya, alikuwepo jana. Mkaguzi, huyo mpya, lakini ni nyama na mifupa. Macho yakaangukia mapajani pangu, kwenye kopo langu la pini. Kipande kimoja cha sumaku kilibaki jana, nikakitia humo, na pini zote zilikuwa zimekikimbilia, zimesimama juu yake kama nywele. Sumaku inakamata sindano. Na ndani ya dira kuna nini, kama si sindano?

Jamani. Koti langu! Koti langu zuri, limekaa shubiri mbili kutoka kwenye dira, linaita.

“Mama,” akasema binti yangu. “Nahodha anauliza.”

Sikuwahi kumwita nahodha hata siku moja. Kwangu alikuwa mwanangu, mtoto, wewe. Nikasimama, nikasema, “Ni mimi, nahodha. Kwenye pindo la koti nimeshona sumaku. Vipande kumi na vinne.”

Fundi Waya akaketi wima. “Sumaku? Bibi, umeivisha kompyuta yangu sumaku?” Akalala tena, safari hii si kwa sababu ya maji.

“Lisogeze nyuma, Mama. Mbali kabisa.”

Nikalivua koti, nikalikimbiza nje mpaka mwisho wa boti, nikaliviringisha chini ya benchi ya mwisho. Niliporudi mlangoni sindano ya dira ilikuwa inazunguka, inayumba, inazunguka kidogo. Ikatulia. Mia na kumi.

“Digrii arobaini,” binti yangu akapumua.

Nikamgeukia Mkaguzi. “Baba, kosa ni langu peke yangu. Nifelishe mimi.”

“Bibi, wewe huna leseni ya kunyang'anywa.” Akainama kwenye karatasi yake. Nilimsoma kwa pembeni, herufi kubwa kubwa: NAHODHA ALIFUATA DIRA MPAKA MWISHO. Na mbele yake akaandika: Hapana.

Miaka kumi na mmoja ya kamba, na neno lenyewe lina herufi sita. Machozi yakanijia, nikayafuta kwa kipande cha turubai kilichokuwa mfukoni, yakaenea tu uso mzima.

“Nahodha,” akasema Mkaguzi, “tuko wapi?”

“Tumekwenda dakika sita, mwendo wa kawaida, tumepotoka digrii arobaini kulia.” Akafumba macho kidogo. “Fungu la mchanga liko mbele yetu. Karibu. Sitaki kulitaja mara ya pili lisije likasogea.”

“Nionyeshe.”

Akagusa kompyuta. Ikauliza yeye ni nani, akaijibu huku kaziba kwa kiganja, na kioo kikawaka. Muda wote ule ndani ya koti mgeni wetu hakuwa amelala. Alikuwa anachora. Mstari wa bluu umetoka gatini, umefika boya jekundu, umekunja kwenda kusikotakiwa, ukanyooka, na ukakoma. Mbele ya ncha yake kulikuwa na doa la manjano la fungu la mchanga. Mkaguzi akapima kwa kucha ya kidole gumba.

“Mita mia mbili,” akasema. Akavuta pazia.

Fungu lenyewe lilikuwa pale, limejaa ndege, wametukodolea macho. Na kwenye ncha ya boti Spana amesimama, mikono imetanuka, mashavu yamefura kama puto, filimbi mdomoni.

“Ungepuliza lini?” Mkaguzi akamwita.

Spana akatema filimbi. “Nilikuwa nahesabu mpaka kumi, mzee! Nilifika tisa!”

Mkaguzi akakaa. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa. Akavua miwani, akaisugua kwa shati. Midomo ikaanza kumcheza, akaikaza, ikamtoroka, na ghafla akaangua kicheko kilichomtoka tumboni kama gunia lililopasuka. “Tisa!” anasema. “Amefika tisa!” Ukimwona anacheka huwezi kuamini kuwa ni yule aliyekataa chai.

Alipotulia akasema, “Mwezi huu nimepima manahodha wanane. Wote walifuata dira mpaka mwisho, na dira zao zilikuwa nzima. Sikuwahi kujua wangefanya nini kama zingekuwa mbovu.” Akaigeuza karatasi. “Mbele hapana mahali pa kuandika hilo. Nyuma papo.” Akaandika muda mrefu, mistari mingi, ulimi nje kama mtoto wa shule. Kisha akasema, “Rudi boya jekundu. Tunarudia.”

Tukarudia. Koti likiwa kule nyuma, Spana mbele, mapazia chini. Sabini ikawa sabini kweli. Boti ikageuka kiasi chake ikaacha. Jua likatoka kwenye kipara cha Fundi Waya, likaja taratibu likakaa kwenye droo yangu, na mimi nikatunga uzi mara moja tu, bila kukosea. Dakika ya kumi na tano Mkaguzi akafungua pazia. Boya la njano lilikuwa karibu kiasi kwamba Spana alikuwa analisalimia kwa mkono.

Sehemu ya kompyuta haikuchukua hata robo saa. Binti yangu alionyesha ramani, orodha ya abiria, namna ya kuomba msaada. Mkaguzi akatoa muhuri mfukoni, wimbi likapita, ukagonga upande upande, nusu kwenye karatasi nusu kwenye meza yangu ya kushonea. Meza yangu sasa ina leseni.

“Hongera, nahodha. Na wewe bibi, lile koti lifungwe kwa kamba.”

“Kwa kamba, baba. Leo leo.”

Binti yangu alishika ile karatasi, akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akaikunja, akaiweka kifuani. Kisha akatazama kioo cha kompyuta, ule mstari wa bluu, kona zake na makosa yake, na nikaona uso wake ukifunguka kama alipokuwa na miaka sita na nimempa penseli ya rangi.

“Mama,” akasema, “nikizungusha boti, inachora mduara.”

“Jaribu tuone.”

Akazungusha usukani mpaka mwisho. Boti ikalala ubavu, maji yakaruka, Spana akashika nguzo akipiga kelele za furaha, na kwenye kioo mduara wa bluu ukajifunga vizuri kama kitanzi cha uzi.

“Mwingine pembeni yake!” nikasema. “Chora ua!”

Akachora wa pili, ukashikana na wa kwanza. Wa tatu. Wa nne. Mimi nimeng'ang'ania cherehani, kopo la pini linasafiri sakafuni, nacheka mpaka mbavu zinauma. Fundi Waya, sauti yake inatoka ndani ya ndoo: “Nahodha, nakuomba, kwa heshima zote…”

“Nasimama, Fundi, nasimama.” Akashika wenzo wa injini.

“Usisimame,” akasema Mkaguzi. Alikuwa amekumbatia nguzo ya mlango kwa mikono miwili, kalamu yake inazunguka shingoni, macho yote kwenye kioo. “Upande huu limebaki pengo. Bado jani moja.”